Mdoli wa Bugarama: kutoka gunzi la mahindi hadi boksi lenye dirisha

Belo la midoli likikatwa kamba sokoni Bugarama, mkoani Shinyanga, wanaolizunguka kwanza ni wasichana wadogo waliokuja na mama zao kutafuta magauni. Turubai likishachanika wanamwagika dubu wa manyoya, sungura wa sikio moja, na kile hasa kinachogombaniwa: midoli ya kike ya plastiki, myembamba, ya urefu wa sentimita 29 hivi, nywele zimesokotana na mingi haina nguo hata moja. Hapo ndipo kazi ya kukagua inapoanza. Mtoto huvuta nywele kuona kama zimeshika, hukunja goti, hugeuza shingo. Mama huuliza bei.

Ugeuze mdoli wa namna hiyo uangalie mgongo. Mara nyingi utakuta maandishi madogo yaliyochomoza: jina la kampuni ya Mattel na mwaka 1966. Anayeyaona kwa mara ya kwanza hudhani ameshika kitu kilichotangulia Azimio la Arusha. Sivyo. Huo ni mwaka wa hakimiliki ya umbo la kiwiliwili, na uliendelea kupigwa chapa hata kwenye midoli ya miaka ya 1990. Kichwa nacho kina mwaka wake, kwenye ukingo wa shingo. 1976 huonekana sana. Kanuni ni kwamba mdoli hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko mwaka ulio wa karibu zaidi kati ya hiyo miwili. Baada ya hapo soma jina la nchi. Ya mwanzo kabisa ilitengenezwa Japani. Mingi inayofika kwetu imeandikwa China, Malaysia au Indonesia.

Mdoli huo, Barbie, ulizinduliwa New York tarehe 9 Machi 1959, kwa bei ya dola 3. Ruth Handler, mmoja wa waasisi wa Mattel, alikuwa amemtazama binti yake Barbara akicheza na wanawake wa karatasi na kuwapa maisha ya watu wazima, kisha akiwa safarini Ulaya akakutana na mdoli wa Kijerumani uitwao Bild Lilli. Wakati huo midoli mingi ya wasichana wa Marekani ilikuwa na umbo la mtoto mchanga wa kulelewa. Wa Handler ulikuwa mwanamke mzima wa kuvalishwa, na miguu yake ilikunjwa tayari kuingia viatu vya kisigino kirefu.

Katika nchi hii ya Wasukuma na Wasumbwa mdoli ulikuwa mtoto, na haukununuliwa. Baada ya mavuno gunzi lilikuwa la bure. Msichana alichagua lililonyooka, akalifunga kitambaa kiunoni, na kingine kikafungwa juu kichwani kama mtandio. Aliyetaka nywele alitafuta nyuzi za mkonge kwenye ua wa shamba, au alichuma hindi bichi kabla halijakomaa, lile ambalo ndevu zake bado ni laini na zinasukika. Hilo la pili lilikuwa na hatari yake, maana mama akikuta mahindi yamevunjwa shambani kabla ya wakati, mtoto alichapwa. Mdoli ulibebwa mgongoni kwa kipande cha khanga, ukanyonyeshwa, ukalazwa, ukaogeshwa hadi ukaoza. Kaka zake upande wa pili wa uwanja walikuwa wakifinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu. Mchezo wa baba na mama ulihitaji vyote viwili, kwa kuwa bila ng'ombe hakuna mahari.

Vitambaa vilitoka chini ya cherehani ya fundi. Pamba ililimwa hapa hapa Shinyanga na Mwanza, vitenge na khanga vikatoka Mwatex ya Mwanza na Urafiki ya Dar es Salaam, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Ukiutazama hivyo, mdoli wa gunzi wa miaka ya 1970 ulikuwa bidhaa ya Tanzania kuanzia mguuni hadi kilembani. Sijui bidhaa nyingine ya mtoto ya leo inayoweza kusemwa hivyo.

Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na mitumba ikarudi kwa wingi. Katika miaka ya 1990 wachimbaji wadogo wa dhahabu walijaa maeneo ya Bulyanhulu, jirani na hapa, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji. Fedha ya dhahabu ilivuta maduka, na maduka yakaleta midoli.

Walioileta hawakuleta maelekezo. Ndiyo maana hadi leo utamwona msichana wa Bugarama amembeba mgongoni mwanamke wa plastiki mwenye kifua na hereni, amemfunga khanga, anambembeleza alale. Amemrudisha kuwa mtoto mchanga. Mimi naona huo ndio uamuzi mzito kuliko wote uliowahi kutolewa juu ya mdoli huo, na umetolewa na mtoto wa miaka sita.

Suala la rangi lilichelewa. Mattel ilimtoa Christie, rafiki mweusi wa Barbie, mwaka 1968. Barbie mweusi mwenye jina hilo lenyewe akaja mwaka 1980, amebuniwa na Kitty Black Perkins. Mwaka 1994 akatoka Barbie wa Kenya, mwenye nywele fupi, shuka jekundu na mapambo ya shanga kwa mtindo wa Kimasai. Mwaka huo huo, Berlin ilikuwa na maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania, yakiwemo mambo ya mwana hiti, kile kijisanamu cha mti ambacho mwali wa Kizaramo au Kikwere alikabidhiwa akiwa ndani, akakipaka mafuta na kukitunza kama mwanawe. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kwa mwana hiti mwenye weusi wa mafuta na mikono ya watu. Kwa Barbie wanataka kinyume chake: boksi lisiwe limefunguliwa kabisa.

Boksi lenyewe sasa limekuwa mchezo. Mwaka 2016 kampuni ya MGA ilitoa L.O.L. Surprise, mdoli uliofichwa ndani ya tabaka za karatasi, baada ya mwenye kampuni kuona jinsi watoto wanavyopenda video za watu wanaofungua vifurushi. Video hizo zinatazamwa kwenye simu Bugarama pia. Vibandani kuna maboksi yenye dirisha la plastiki na midoli ya kuigiza majina makubwa. Mzazi, kabla ya kulipa, nusa. Plastiki yenye harufu kali na inayonata mkononi uiache, hasa kwa mtoto anayetia vitu mdomoni. Umoja wa Ulaya ulizuia mwaka 2005 baadhi ya kemikali za kulainishia plastiki za midoli, na haukufanya hivyo bila sababu.

Julai 2022 Mattel ilitoa mdoli wa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, mwenye nguo za kaki, daftari, darubini, na sokwe David Greybeard pembeni. Kazi iliyompatia heshima hiyo aliianza Gombe, Kigoma, Julai 1960. Historia ya Tanzania imeingia kwenye boksi la wakusanyaji, na ni jambo jema.

Mdoli wa gunzi sijauona hata kwenye kabati la makumbusho. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padre David Clement kule Kisesa, yametunza ngoma za watemi na zana za wahunzi. Kwa hiyo ombi langu ni kwa bibi wa Bugarama, Kakola na Kahama: msimu huu wa mavuno, chagueni magunzi yaliyonyooka, mkae na wajukuu, mtengeneze midoli kama mlivyotengeneza utotoni. Mmoja ubaki na mtoto auchezee mpaka uoze. Mwingine upelekwe shuleni au Bujora, pamoja na jina la aliyeutengeneza na mwaka.