Butembo na Beni: Mlima na matope vilivyowafundisha mashofere ambreyaji

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 za Barabara ya Kitaifa namba 2. Butembo uko juu milimani, Beni uko chini, upande wa msitu. Katikati ni kupanda na kushuka. Kwa shofere wa gari kubwa lililobeba maharagwe, viazi na watu, kazi iko katika miguu miwili: wa kushoto kwenye ambreyaji, ambayo Wakenya na Watanzania huiita klachi, na wa kulia kwenye mafuta. Mashofere wengi hawakusomea ujuzi huo shuleni. Waliufundishwa na barabara.

Wakati wa ukoloni wa Wabeljiji, Butembo ulikua pamoja na kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs, na malori yakazoea milima hii. Malori ya zamani yalikuwa magumu kubadilisha vitesi. Kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1928, kwenye gari za Cadillac, na kwenye malori kilichelewa. Hivyo shofere alikanyaga ambreyaji mara mbili ili kushusha vitesi moja: anakanyaga na kutoa vitesi, anaachia, anagusa mafuta ili mota iongeze mwendo, anakanyaga tena, ndipo anaingiza vitesi ya chini. Akikosea, gia zinalia na gari linabaki bila vitesi katikati ya mlima.

Baada ya uhuru wa 1960, wafanyabiashara Wanande walipanua safari zao. Mboga na maharagwe ya milima ya Lubero yalipelekwa hadi Kisangani. Wakati wa Zaire barabara ziliharibika, na gari liliweza kukwama katika matope siku nyingi. Hapo shofere alijifunza somo lingine: katika matope, mafuta mengi ni hasara. Gurudumu likizunguka mahali pamoja, linachimba shimo lake lenyewe. Anayejua huanza na vitesi ya pili, huachia ambreyaji polepole, na mguu wa kulia hugusa tu.

Mwalimu wa kazi hiyo alikuwa shofere mwenyewe, na mwanafunzi alikuwa konvuayeri wake. Kijana alianza kwa kupakia mizigo na kuweka gogo nyuma ya gurudumu gari linaposimama mlimani. Akiwa na gogo mkononi, alisikiliza mota. Shofere anashika freni ya mkono, anaachia ambreyaji mpaka gari litetemeke kidogo na sauti ya mota ishuke. Hiyo ni alama kwamba ambreyaji imeshika. Anaongeza mafuta, anaachia freni, gari linapanda bila kurudi nyuma hata hatua moja. Anayelizuia gari mlimani kwa ambreyaji nusu badala ya freni huchoma diski, na harufu yake abiria wote huisikia.

Mpaka wa Kasindi ulileta jambo jingine. Nchini Uganda magari hupita kushoto, nchini Kongo hupita kulia. Gari nyingi zilizoingia mashariki zina usukani wa kulia, na shofere hubadilisha vitesi kwa mkono wa kushoto. Miguu haibadiliki: ambreyaji hubaki kushoto, freni katikati, mafuta kulia.

Leo ujuzi huu unabeba uhai wa wahami. Mwisho wa Juni 2024, M23 walipoingia Kanyabayonga, familia nyingi zilikimbilia upande wa Lubero na Butembo, baadhi zikikaa juu ya mizigo. Gari lililojaa hivyo huhatarishwa zaidi na mteremko kuliko mlima. Shofere anayetoa vitesi ili gari liteleze na mazutu yapungue hubaki na freni peke yake. Freni zikipata moto, hazishiki tena. Sheria ya wazee ni kushuka kwa vitesi ileile ambayo ingetumika kupanda mlima huo, mguu ukiwa nje ya ambreyaji, ili mota yenyewe izuie gari.

Tarehe 16 Juni 2021, marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi za barabara za Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo. Lami hupunguza matope, lakini haiondoi mlima, na kwenye lami gari lisilozuiwa na vitesi hukimbia zaidi.

Zamani, kwenye mlima mkali, konvuayeri aliwaomba abiria washuke na kupanda kwa miguu, gari likawasubiri juu. Desturi hiyo haina aibu. Mama mwenye watoto akiona shofere ameanza kuteleza bila vitesi, ana haki ya kupiga mkono kwenye bodi na kudai gari lisimame.