Kwa nini tunasali nyumbani

Wageni wakija kwenye kikundi chetu hapa Kyondo wanauliza: kanisa liko, mbona tunasali nyumbani? Nawajibu kwa historia.

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo waliamua kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo za majirani. Kule Goma na Bukavu tunaziita shirika. Mwaka 1972 Mobutu akapiga marufuku vyama vya vijana vya kanisa, hata majina ya ubatizo ya kigeni. Lakini nani angefunga kila nyumba? Watu waliendelea kusali, kutembelea wagonjwa, kuchangia mazishi. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, nao wakazipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele.

Mimi mwanzoni nilikosea. Nilimwambia mama mmoja mgeni asimame, aeleze alivyokimbia. Akanyamaza. Juma lililofuata hakuja. Nikaenda kwake, sikuuliza kitu, tukachota maji tu. Baadaye alirudi mwenyewe, na mkeka wake.

Siku hizi mgeni tunamuuliza jina, na kama amekula. Mengine atasema akitaka. Ujirani kwanza, mafundisho yatafuata.