Silinda Zinazopumzika na Milima ya Kisii

Msomaji, ukisimama asubuhi kando ya barabara katika mji wa Kisii, utaona motokaa za kila namna zikishindana na mlima. Moja imebeba mikungu ya ndizi, nyingine imejaa watoto wa shule, na nyingine imechukua jamaa nzima, baba, mama, bibi na wajukuu, pamoja na magunia yao. Petroli inayochomwa hapo imesafiri mbali. Hushushwa melini Mombasa, hupitishwa katika bomba lililofika Nairobi mwaka 1978 na Kisumu mwaka 1994, kisha hupandishwa milimani kwa malori. Si ajabu, basi, kwamba mwenye gari hutega sikio asikiapo kwamba iko injini iwezayo kuzima nusu ya silinda zake safarini ili kuokoa mafuta. Je, injini ya namna hiyo ni msaada kwa gari la jamaa, au ni hasara? Swali hili lina historia ndefu kuliko wengi wadhanivyo, na historia hiyo itatusaidia kulijibu.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Silinda ni chumba cha chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Hewa na petroli huingia humo, cheche ya plagi huviwasha, na mlipuko wake husukuma pistoni. Gari linapopanda mlima na mzigo, silinda zote hufanya kazi kwa bidii. Lakini linapokwenda tambarare kwa mwendo mmoja, huhitaji sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Hapo mlango wa hewa hufunguliwa kidogo sana, na pistoni zote hulazimika kuvuta hewa kwa shida. Wazee wa Kigusii walioketi kuzunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu, walijua vema kwamba mrija ukiziba nusu, mnywaji huchoka kabla ya kukata kiu. Ndivyo injini ipotezavyo nguvu zake bure. Kwa hiyo wahandisi walisema: badala ya silinda sita kuvuta kwa taabu, afadhali tatu zifungwe valvu zake zipumzike, na tatu zilizobaki zifunguliwe mlango zaidi, zifanye kazi yote.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1917 kiwanda cha Enger, katika mji wa Cincinnati huko Marekani, kiliuza motokaa ya silinda 12 ambayo dereva aliweza kuigeuza ikaenda kwa silinda 6. Lakini petroli ya Marekani ilikuwa rahisi siku zile, na watu hawakuona sababu ya kujisumbua. Wazo likalala kwa miaka mingi.

Lililoliamsha ni shida. Mwezi wa Oktoba 1973, wakati wa vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiuzwe Marekani, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Kenya, isiyokuwa ikichimba mafuta, iliumia pamoja na wengine. Katika mwaka huohuo Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zichukue abiria bila leseni iliyotakiwa hapo kwanza; na hivyo gari dogo lililojaa watu likawa sehemu ya maisha ya mwananchi wakati uleule mafuta yalipokuwa ghali.

Huko Marekani ilitungwa sheria mwaka 1975 ya kuwalazimisha watengenezaji kupunguza ulaji wa mafuta. Ndipo Cadillac ikatoa, kwa mwaka 1981, injini ya silinda 8 iliyoweza kwenda kwa 6 au kwa 4. Kompyuta ndogo ndiyo iliyoamua ni silinda zipi zipumzike. Msomaji, fikiri jinsi kompyuta za wakati ule zilivyokuwa: zilikuwa nzito wa kufikiri. Dereva alipokanyaga mafuta, gari lilisita, kisha likashtuka kama punda aliyechapwa usingizini. Wenye magari wakachoka, na wengi wao wakawaambia mafundi waukate waya wa mtambo huo ili silinda zote nane zifanye kazi daima. Mwaka mmoja haukupita ila Cadillac ikauondoa katika karibu magari yake yote. Wajapani wa Mitsubishi nao walijaribu mwaka 1982, kwa injini ndogo ya lita 1.4 yenye silinda 4, iliyoweza kupumzisha mbili, nayo haikuenea. Wazo lilikuwa jema, lakini vyombo vya kulitimiza vilikuwa havijakomaa.

Vilikomaa baada ya miaka 20. Honda ilitia mtambo huu katika magari ya jamaa: nchini Japani katika Elysion ya mwaka 2004, na Marekani katika Odyssey ya mwaka 2005, lenye injini ya lita 3.5. Silinda 3 kati ya 6 zilipumzika katika mwendo mwepesi. Kwa kuwa injini ya silinda tatu hutetemeka, vilitengenezwa vishikizo vya injini vinavyouzuia mtetemo, na hata sauti ya kuumeza mngurumo ndani ya gari. Abiria wengi hawakujua kamwe kwamba nusu ya injini imelala.

Lakini kila kizuri hakikosi ila. Baadhi ya wenye magari walilalamika kwamba katika silinda zilizopumzika mafuta ya kulainisha yalipenya kando ya pistoni, yakachafua plagi na kupungua upesi. Kesi ilipelekwa mahakamani huko Marekani, ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2013, na kampuni ikaongeza muda wa dhamana kwa magari yaliyohusika, yaliyotengenezwa kati ya mwaka 2008 na 2013. Tujifunze hapa kwamba valvu za mtambo huu hufungwa na kufunguliwa kwa nguvu ya mafuta yaleyale ya kulainisha. Yakiwa machafu au yakipungua, mtambo wote huugua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa turudi milimani kwetu. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Nyamira hufika mita 2,000 na zaidi. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu sehemu moja katika sita kuliko ya Mombasa, na injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo. Basi injini iliyopungukiwa na pumzi, yenye mzigo, inayopanda kilima na kushuka bonde tangu Nyamira hadi Keroka, itapata wapi nafasi ya kupumzisha silinda zake? Itapata kidogo sana. Lakini jamaa hiyohiyo ikisafiri kwenda Nairobi kwa Krismasi, ikapita Sotik, Bomet na Narok, itafika katika nyanda pana kabla ya Mai Mahiu. Hapo barabara imenyooka, gari huenda kwa mwendo mmoja, na silinda zitalala kwa amani mpaka mpando wa Bonde la Ufa uziamshe.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme gari hutumia lita 1,200 za petroli kwa mwaka, na robo yake, yaani lita 300, hutumika tambarare. Tuseme tena kwamba hapo mtambo huokoa moja kwa kumi. Akiba ni lita 30. Kwa bei ya shilingi 200, ambayo Nairobi ilivukwa mwezi wa Septemba 2023, hizo ni shilingi 6,000. Ni fedha za kweli, nazo zitanunua vitabu vya mtoto; lakini plagi sita zikichafuka kabla ya wakati wake, pamoja na ujira wa fundi, sehemu kubwa ya akiba hiyo imekwenda. Laiti jamaa ingekuwa inaishi Narok na kusafiri tambarare kila siku, hesabu ingekuwa nyingine.

Ni kweli kwamba magari mengi ya jamaa yanayoonekana Kisii na Nyamira, kama Noah, yana silinda 4 zisizopumzika kamwe. Lakini magari yetu mengi hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, na sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa yale yasiyozidi miaka 8. Mitambo ya leo ya huko ndiyo itakayokuwa mitambo yetu kesho, nasi hatutajua mwenyewe wa kwanza aliitunza vipi.

Kwa hiyo, kijana, siku utakapoulizwa nyumbani kama gari la namna hii lafaa kununuliwa, usiseme upesi kwamba ni zuri wala kwamba ni baya. Uliza kwanza litapita njia gani, litabeba mzigo gani, na ni nani atakayepima mafuta yake kila juma. Mtambo wa mwaka 1981 haukushindwa kwa sababu wazo lake lilikuwa ovu. Ulishindwa kwa sababu haukulingana na vyombo vya wakati wake. Na mtambo wa leo, ingawa ni mwerevu zaidi, waweza kushindwa kwetu ukiwa haulingani na vilima vyetu. Aliyeubuni aliijua barabara yake. Ni juu yetu kuijua yetu.