Ahadi za Jukwaani na Vita vya Ng'ambo

Kila kizazi kilichopita katika shule yetu kimekuwa na mdahalo wake kuhusu mataifa makubwa na vita vyao. Wapo waliosimama kuunga mkono hoja, wapo waliopinga, kisha mwenyekiti akagonga meza na mikono ikahesabiwa. Lakini aghalabu wasemaji wa pande zote mbili hufanya kosa moja. Ama huyachukua maneno ya mgombea urais kana kwamba ndiyo sera yenyewe, ama huyatupa yote kana kwamba ni uongo mtupu. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mifano ya chaguzi tano za Marekani, kwamba mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza kwa nini maneno ya jukwaani yalipishana na matendo ya Ikulu, kwa maana sababu zake hazifanani.

Kwanza tukumbuke katiba ya nchi ile inasemaje. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 iliyagawa madaraka ya vita mafungu mawili: Bunge, yaani Congress, lilipewa uwezo wa kutangaza vita, na Rais akafanywa Amiri Jeshi Mkuu. Mara ya mwisho Bunge hilo kutangaza vita rasmi ilikuwa mwaka 1942. Tangu hapo Wamarekani wamepigana Korea, Vietnam, Afghanistan, Iraq na kwingineko pasipo tangazo la namna hiyo. Kwa hiyo swali la kwamba mgombea fulani atayatumiaje majeshi limezidi kuwa zito mwaka hata mwaka.

Tuanze na mwaka 1916. Ulaya ilikuwa ikiteketea, na Rais Woodrow Wilson aligombea tena huku wafuasi wake wakimsifu kwamba ndiye aliyeiepusha nchi na vita. Alimshinda Charles Evans Hughes kwa kura 277 za wajumbe dhidi ya 254. Miezi mitano baadaye, tarehe 2 Aprili 1917, Wilson alisimama mbele ya Bunge kuomba vita dhidi ya Ujerumani. Je, alidanganya? Tusiharakishe. Mnamo Februari 1917 Wajerumani walianza upya kuzamisha meli zote bila onyo, na baadaye simu yao ya siri ya kuishawishi Mexico iungane nao ikafichuliwa. Hapa hali yenyewe iligeuka. Kosa la kampeni lilikuwa kuisifu amani iliyopita bila ya kuwaambia wananchi ni jambo gani lingeivunja.

Mwaka 1960 mambo yalikuwa mengine. John F. Kennedy na Makamu wa Rais Richard Nixon walikutana mara nne katika midahalo ya televisheni, ya kwanza ya aina yake kati ya wagombea urais wa vyama vikuu. Walibishana juu ya vijisiwa vya Quemoy na Matsu karibu na pwani ya China, kama vistahili kulindwa au la. Halafu, katika mdahalo wa nne wa tarehe 21 Oktoba, likazuka suala la Kuba. Kampeni ya Kennedy ilikuwa imetaka Wakuba waliompinga Fidel Castro wasaidiwe. Nixon akalipinga wazo hilo vikali, akisema ni la hatari na lingevunja mikataba. Kumbe tangu Machi 1960 Rais Eisenhower alikwisha kuidhinisha mpango wa siri wa kuwafunza Wakuba hao silaha, na Nixon aliujua na kuuunga mkono! Baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba alisema vile ili kuificha siri. Kennedy alishinda, na tarehe 17 Aprili 1961 Wakuba wapatao 1,400 walishushwa katika Ghuba ya Nguruwe. Kwa muda usiotimia siku tatu walishindwa, na zaidi ya 1,100 wakatekwa. Wapiga kura walikuwa wamesikiliza mabishano juu ya jambo ambalo serikali ilikuwa inalitayarisha gizani.

Mfano wa tatu ndio mchungu kupita yote. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alishindana na Seneta Barry Goldwater wa Arizona. Goldwater alikwisha kuzungumzia hadharani uwezekano wa silaha ndogo za atomiki kutumika kupukutisha majani ya misitu ya Vietnam, na wapinzani wake hawakuliacha jambo hilo lipite. Tangazo moja la televisheni la upande wa Johnson, lililotolewa mara moja tu tarehe 7 Septemba, lilimwonyesha mtoto wa kike akihesabu petali za ua, kisha ukaonekana mlipuko wa bomu la nyuklia. Johnson akaonekana ndiye mtu wa amani. Tarehe 21 Oktoba, mjini Akron, alisema kwamba hangewapeleka vijana wa Kimarekani maelfu ya maili kutoka kwao kwenda kufanya kazi iliyowapasa vijana wa Asia kujifanyia wenyewe.

Lakini tayari mkononi alikuwa na rungu. Mwezi Agosti serikali ilitangaza kwamba manowari zake zimeshambuliwa mara mbili katika Ghuba ya Tonkin. Bunge likampa Rais idhini ya kuchukua hatua zote alizoona zinafaa, kwa kura 416 bila ya hata moja ya kupinga katika Baraza la Wawakilishi, na 88 kwa 2 katika Seneti. Leo yajulikana kwamba lile shambulio la pili halikutokea. Kadhalika, nyaraka za siri zilizochapishwa magazetini mwaka 1971 zilionyesha kuwa siku ile ile ya uchaguzi, tarehe 3 Novemba 1964, maofisa wa serikali walikuwa wakianza kupima njia za kupanua vita. Johnson alishinda majimbo 44 kati ya 50. Tarehe 8 Machi 1965 askari wa kwanza wa kikosi cha nchi kavu wakatua Da Nang. Kufikia mwaka 1968 walikuwa zaidi ya 500,000. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita hivyo, na Wavietnam waliokufa ni wengi kuliko hao mara nyingi.

Na wale maseneta wawili waliopinga? Ni Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Wote wawili walipoteza viti vyao mwaka 1968. Historia iliwapa haki, lakini wapiga kura hawakuwarudishia viti.

Wala tusiseme kwamba hakuna mgombea aliyewahi kutimiza neno lake. Mnamo Oktoba 1952, Dwight Eisenhower aliahidi kwenda Korea kujionea vita mwenyewe. Alikwenda mwezi Desemba, kabla hata ya kuapishwa, na mapigano yakasimamishwa tarehe 27 Julai 1953. Ahadi yake ilikuwa ya kitendo kimoja, chenye kupimika.

Mfano wa mwisho unatugusa sisi majirani. Tarehe 11 Oktoba 2000, katika mdahalo wake na Al Gore, George W. Bush alisema majeshi yasitumike kuwajengea watu wengine mataifa yao, akaitaja Somalia. Majeshi hayo yalipelekwa Somalia na baba yake mwezi Desemba 1992 kulinda chakula cha msaada. Kazi ikabadilika chini ya Bill Clinton, na Oktoba 1993 askari 18 wa Kimarekani na mamia ya Wasomali wakafa katika vita vya Mogadishu. Miezi kumi na mmoja kamili baada ya mdahalo ule, Marekani ilishambuliwa. Bush akaingia Afghanistan Oktoba 2001 na Iraq Machi 2003, na kote kuwili akajikuta anaunda serikali mpya. Kuhusu Afghanistan yaweza kusemwa, kama kwa Wilson, kwamba tukio lilimgeuza. Kuhusu Iraq haiwezi kusemwa hivyo, kwa kuwa silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya vita hazikupatikana.

Basi, ndugu zangu mnaokalia leo madawati tuliyokalia sisi, mtakapopewa hoja ya namna hii msiridhike na kelele za "mwongo" na "shujaa". Ulizeni mambo matatu. Je, ni nini kimekwisha kuamuliwa kwa siri wakati mgombea anahutubia? Je, ametaja tukio litakaloweza kumbadilisha nia, au amesifu amani tu? Na je, nani ana uwezo wa kumzuia? Bunge la Marekani lilijaribu kujibu swali hilo la tatu mwaka 1973, lilipopitisha, juu ya turufu ya Nixon, sheria ya kumtaka Rais atoe taarifa ndani ya saa 48 na kuwaondoa askari baada ya siku 60 asipopata idhini. Sheria hiyo ingalipo, na marais wamekuwa wakiipinda.

Msidhani kwamba maswali haya ni ya Wamarekani peke yao. Majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala mwezi Aprili 1979, na ya Kenya yakavuka mpaka wa Somalia Oktoba 2011. Kila safari ilikuwa na sababu zake, nzuri au mbaya, na kila safari ilikuwa na vijana wasiorudi. Baadhi yenu mtavaa sare hizo, na wengine mtaketi bungeni. Wote mtapiga kura. Ahadi ni deni, walisema wahenga. Nami naongeza kwamba deni la vita hulipwa na asiyelikopa.