Mchele wa Bondeni, Maharage ya Mlimani

Vijana wengi niliowafundisha waliamini kwamba wali kwa maharage ni chakula cha jadi, kilichokuwapo tangu enzi za mababu. Ukiwauliza jadi ya nani, walinyamaza. Mimi ni mzaliwa wa Njombe, kwenye nyanda zinazokaribia meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na bibi yangu mzaa baba aliuonja wali kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima mwenye watoto. Hakuupenda, alisema ni chakula cha mgonjwa. Maharage aliyajua vizuri, na ugali wa ulezi aliujua zaidi. Kwa hiyo sahani hii, ambayo leo inauzwa na kila mamantilie kuanzia Makambako hadi Mbeya, na ambayo watu wa kwetu huitamani hasa Juni na Julai kipupwe kinapouma, katika nyanda hizi ina umri usiozidi sana wa kwangu mimi.

Sababu yake ni ya kijiografia kabla haijawa ya kihistoria. Maharage hupenda ubaridi wa milimani. Mpunga hutaka joto, na hutaka kusimama ndani ya maji. Shamba linalomfaa mmoja humkataa mwenzake. Mtu wa Njombe au Makete hana mbuga ya kupanda mpunga, na mtu wa Kyela kule kando ya Ziwa Nyasa hana ubaridi wa kumpa maharage mazuri. Ili viwili hivi vikutane, lazima mtu apande mlima au ateremke, na mzigo kichwani. Ninapoieleza historia ya chakula hiki huwa naanzia hapo, kwenye mteremko.

Tuanze na maharage. Mmea huu si wa Afrika. Wenyeji wa Amerika ndio walioutoa porini na kuufanya wa shambani, tena katika sehemu mbili mbalimbali zisizohusiana: Meksiko na nchi jirani upande mmoja, na milima ya Andes upande mwingine. Ukisimama mbele ya marundo ya maharage sokoni Njombe bado unaziona koo hizo mbili, punje kubwa za Andes na punje ndogo za Meksiko, zikiuzwa na mama mmoja kwenye gunia moja lililokunjwa mdomo. Wareno, ambao meli zao zilianza kupita pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498, ndio wanaohesabiwa kuwa waliyaleta huku pamoja na mahindi na mihogo. Lakini tusidhani kwamba walimkuta Mwafrika anakula ugali mkavu. Kunde ni zao la Afrika hii hii. Njugumawe vilevile. Choroko na mbaazi zilikuwa zimefika siku nyingi kutoka Bara Hindi. Maharage yalipoingia yalikuta chungu kiko mekoni na mpishi anajua la kufanya, ndiyo maana yakaenea bara bila kuhubiriwa na mtu, kutoka kibuyu cha mbegu cha mama huyu hadi cha binti yake aliyeolewa bonde la pili. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliyakuta yametangulia.

Mchele una historia nyingine kabisa, na ushahidi wake wa kwanza umo kinywani mwetu. Nilipokuwa nikifundisha niliwaambia wanafunzi watafute chakula kingine chenye majina matatu kama hiki: shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali. Ongeza chenga, ongeza pumba, ongeza ukoko. Mwingereza ana neno moja tu kwa mpunga, mchele na wali. Sasa tazama maharage: shambani ni maharage, ghalani ni maharage, sahanini ni maharage. Lugha haigawanyi hivi bila sababu. Kiswahili kilikulia pwani, na mchele nao ulikulia pwani pamoja nacho. Uchimbaji wa wanaakiolojia huko Chwaka, kisiwani Pemba, umeonyesha kwamba kuanzia karne ya 11 hivi mchele uliushinda uwele katika majiko ya mji ule. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuendelea hadi Mombasa na Kilwa, aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, na vitoweo kando yake. Msafiri huyo huyo, alipoeleza maisha ya Bara Hindi, alikitaja chakula cha asubuhi cha choroko na mchele vilivyopikwa pamoja na kuliwa kwa samli. Mtu wa Unguja au Lamu akisoma maneno hayo atasema, lo, huu si mseto tunaokula nyumbani? Ndio huo. Kuoanisha nafaka na jamii ya kunde katika mchele ni jambo la zamani sana pwani. Maharage yetu yalikuja kukalia kiti cha choroko.

Kutoka pwani mchele uliingia bara kwa njia ya misafara ya karne ya 19, ile misafara ya pembe na watumwa. Waarabu na Waswahili walilima mpunga Tabora na Ujiji, wakavuka nao Ziwa Tanganyika hadi Maniema, ambako mpaka leo watu wanazungumza Kiswahili na kula wali. Hapa lazima niseme wazi kwamba wali haukupanda bara kama chakula cha wote. Ulikuwa chakula cha waungwana, na walioubeba vichwani mara nyingi hawakuwa miongoni mwa walioula. Harufu ya hadhi ile haijautoka. Hata nilipokuwa mtoto, miaka ya 1950, wali ulikuwa wa Krismasi, Idi na harusi, na mtoto aliyekula wali siku ya kawaida alikwenda kuutangaza kwa wenzake.

Kwetu nyanda za juu kusini mchele ulitoka bondeni, pande mbili. Upande mmoja ni Kyela. Upande wa pili ni tambarare za Usangu, ambako Wabaluchi, watu ambao wazee wao walifika Zanzibar kama askari wa masultani wa Oman, walianza kilimo cha mpunga wa kumwagilia wakati wa utawala wa Waingereza. Miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa China, ikajenga shamba kubwa la Mbarali huko huko. Halafu ikaja reli. TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ikapita Ifakara na Mlimba katika bonde la Kilombero, kwenye mpunga, kisha ikapanda mlima hadi Makambako. Watu huisifu reli ile kwa shaba ya Zambia na kwa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na ni sawa. Mimi naikumbuka pia kwa akina mama walioshuka Makambako na viroba vya mchele wa Mlimba, wakarudi na maharage.

Mavuno nayo yamepangika vizuri. Maharage yetu hupandwa Februari au Machi, hukomaa mvua zinapokatika. Mpunga wa Kyela na Usangu huvunwa kati ya Mei na Julai. Vyote viwili hufika sokoni vikiwa vipya katika miezi ile ile ambayo jalidi huanguka Kitulo na watoto hufika shuleni midomo imepasuka. Kwa hiyo ni chakula cha baridi kwa maana mbili: hutia joto mwilini, na baridi ndiyo saa yake.

Upya wa maharage si jambo la anasa. Niliuona uzito wake Julai 1983, nikiwa mkuu wa shule ya bweni yenye wanafunzi 360. Miaka ile ilikuwa ya taabu, kila kitu kwa foleni. Watu walikula unga wa mahindi ya njano wakaupa jina la unga wa Yanga ili wapate kucheka. Ratiba yetu ilikuwa ugali na maharage siku sita, wali na maharage Jumapili. Madebe mawili ya maharage kwa mlo. Gunia moja la mchele la kilo 100 tuliligawa Jumapili mbili. Katikati ya kipupwe tuliletewa magunia ya maharage kutoka ghala moja la mbali, mahali pa joto. Yalikuwa mazuri machoni, mekundu, hayana fukusi. Mpishi mkuu, mzee ambaye hakusoma zaidi ya darasa la pili, alitia meno kwenye punje moja akaitema. "Mwalimu," akaniambia, "haya yamelala joto mwaka mzima. Hayataiva, hata ukichoma shule."

Tuliyapika, kwa kuwa hatukuwa na mengine. Baada ya saa sita yalikuwa bado yanagonga sahani. Tukaongeza magadi, tukaongeza kuni. Kuni za miwati za majuma mawili ziliisha kwa siku nne, na kipupwe hicho maji ya bomba yalikuwa yakiganda alfajiri. Waliokula yakiwa magumu waliumwa matumbo. Zahanati ya shule ilijaa. Siku ya tano vijana wa kidato cha nne walikataa kuingia darasani, wakakaa juani kimya, sahani tupu magotini. Mgomo wa kelele ningeuzima. Ule wa kimya ulinishinda, kwa sababu walikuwa na haki.

Ni mpishi aliyetoa njia. Wazazi wa vijiji vya jirani walikuwa wametoka kuvuna, na wengi walikuwa wanadaiwa ada. Nikaitisha mkutano, tukakubaliana waliodaiwa walete maharage mapya badala ya fedha, debe kwa debe, na kila debe liandikwe. Jumamosi waliteremka na vikapu. Jumapili tulipika wali na yale maharage mapya yaliyolowekwa usiku, yakaiva kwa saa moja na nusu. Barua niliyopata baadaye kutoka kwa mkubwa mmoja, ikiniuliza ni kwa kifungu gani nilipokea ada ya Serikali kwa maharage, ninayo mpaka leo.

Sayansi ya jambo lile niliisoma miaka mingi baadaye. Maharage yakihifadhiwa muda mrefu penye joto na unyevu hubadilika ndani, yakakataa kunywa maji na kulainika. Milimani tatizo huongezeka, kwa sababu kwenye kimo cha Njombe maji hayasubiri nyuzijoto 100 ndipo yachemke. Huchemka kwenye 93 au 94 hivi. Moto ukiuzidisha, maji yanakauka upesi lakini hayazidi joto. Mpishi wetu hakuwa na kipimajoto, ila alijua kwamba maharage ya Njombe yanataka saa nyingi kuliko ya Dar es Salaam, naye hakubishana na mtu juu ya hilo.

Nikipika mwenyewe, kwani mjane hujifunza, nafuata njia yake. Nachambua mawe, naosha, naloweka kuanzia magharibi. Asubuhi namwaga maji yale, natia mengine, na dakika kumi za kwanza nachemsha kwa nguvu bila huruma, maana maharage mabichi yana sumu ambayo moto wa polepole hauiondoi. Kisha napunguza moto. Yakipungukiwa maji naongeza ya moto. Chumvi mwisho. Magadi situmii ikiwa maharage ni mapya. Yanalainisha, kweli, lakini yanaua vitamini B na kuacha ladha ya sabuni. Kitunguu na nyanya navikaanga pembeni kwa mafuta ya alizeti. Pwani wangetia tui la nazi, na hawakosei, ila nazi ya Njombe imesafiri mno. Mimi natia karanga zilizotwangwa. Wataalamu wa lishe wanasema kilichopungua katika protini ya mchele kimo katika maharage, na kilichopungua katika maharage kimo katika mchele. Ndiyo maana Cuba, Brazili na Louisiana, ambako mchele ulivuka bahari kuyakuta maharage kwao, watu maskini waligundua mlo ule ule.

Vituo vya utafiti vimetuletea mbegu bora, Uyole 84, Lyamungu 90 na nyingine, na nimezipanda. Sokoni lakini bado nanunua Kablanketi, ambayo huiva upesi na ina mchuzi mzito; aliyeipa jina hilo la blanketi dogo lazima alikuwa mtu wa baridi. Mchele nanunua wa Usangu, ingawa siku hizi naununua nikiwa na wazo moja zaidi: tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na sehemu ya maji yake imebaki kwenye majaruba. Wajukuu wangu nimewaonyesha mahali hapo kwenye ramani.

Wali wa milimani utie maji zaidi kidogo ya unayotia mjini. Yakikaribia kukauka, funika vizuri, toa kuni, acha makaa machache chini na mengine yapalie juu ya mfuniko. Usifunue. Maharage yakae kando ya moto, yasichemke tena, yapate kuvuta mchuzi. Mpe mtoto mdogo kabisa ukoko, ukiwa bado wa moto, aumwagie kijiko kimoja cha mchuzi.