JINA MOJA, WATU WAWILI: HABARI ZA MFALME NTARE WA TANO



Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika mtihani kwamba Mfalme Ntare wa Tano alifariki mwaka 1895, tena akauawa Gitega mwaka 1972. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mtoto alisoma vitabu viwili na vyote vilisema kweli.

Ntare wa Tano walikuwa wawili. Mmoja ni Rugingiza, aliyetawala Nkore, kusini-magharibi mwa Uganda ya leo, hadi alipofariki mwaka 1895. Shule ya Ntare ya Mbarara, iliyoanzishwa mwaka 1956, ina jina lake. Mwingine ni Charles Ndizeye wa Burundi. Julai 1966 alimwondoa baba yake, Mwambutsa wa Nne, na tarehe 1 Septemba akatawazwa. Tarehe 28 Novemba mwaka huo huo Michel Micombero alimpindua na kutangaza jamhuri. Ndizeye aliishi uhamishoni, akarudi nchini Machi 1972, na tarehe 29 Aprili akauawa Gitega. Hakuwa ametimiza miaka 25. Baba yake naye alifia ugenini, Uswisi, mwaka 1977.

Kwa nini jina moja? Kwa Kirundi intare ni simba, na kwa Kinyankore ni entare. Tena huko Burundi majina ya kifalme yalikuwa manne, yakifuatana kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Baada ya Ntare Rugamba, aliyepanua ufalme, alikuja Mwezi Gisabo, aliyefanya mkataba na Wajerumani huko Kiganda mwaka 1903. Akafuata Mutaga Mbikije mwaka 1908, kisha Mwambutsa Bangiricenge mwaka 1915. Ndipo zamu ikamrudia Ntare. Kwa hiyo wazee walitaja na jina la pili, ili Rugamba asichanganywe na Ndizeye.

Nasi hapa kambini tunayo haja hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kukosa mgao mara mbili kwa kuwa mtu mwenye jina kama langu alikuwa amerudi nyumbani. Majirani ndio walionilisha. Jambo lilikwisha siku nilipoulizwa jina la mama yangu na kilima nilikozaliwa. Watumishi wajue kwamba kwa mila yetu mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja waweza kutofautiana majina, na wageni kabisa wakafanana. Ombi langu ni hilo: kabla ya kufuta kadi, muulizeni mtu jina la mama na kilima.

Nasi tusimhukumu mtu kwa matendo ya wajina wake.

Yule mwanafunzi nilimpa nusu ya alama. Alipoongeza "Rugingiza" na "Ndizeye", nikamkamilishia.