Yohana Omari
Yohana Omari alikuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana nchini Tanganyika. Aliwekwa wakfu Mei 1955 katika Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury. Siku hiyohiyo waliwekwa wakfu Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya. Omari alirudi Tanganyika kuwa askofu msaidizi wa Askofu Alfred Stanway, Mwaustralia, katika Dayosisi ya Central Tanganyika, yenye makao yake Dodoma. Dayosisi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1927, ilikuwa kubwa mno kwa askofu mmoja.